POMBE, SUMU ZA KAZINI NA AKILI ZA MTOTO ALIYE TUMBONI

Hotuba ya Kamati ya Elimu na Afya, iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu siku hiyo wasiweze kufika.



Katika mkutano uliopita lililetwa hapa shauri ambalo halikuamuliwa. Ndugu mmoja alisimama akasema ya kuwa mama mja mzito wa kambi yetu akionekana kilabuni, jina lake liandikwe, lipelekwe ofisini kwa tajiri, naye atolewe katika nyumba ya kampuni. Alisema hivyo kwa uchungu, maana alikuwa amesikia redioni kwamba pombe huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wengine walipiga makofi. Wengine, na hasa akina mama, walinyamaza kimya. Mwenyekiti akaiagiza Kamati yetu itafute ukweli wa jambo hili, kisha tuje tuwaeleze kabla ya kupiga kura.

Ndugu, tumefanya kama tulivyoagizwa. Tumesoma yale waliyoandika wataalamu, na tumeketi na wauguzi wa kliniki tukawauliza. Tunasema tangu mwanzo: ndugu yetu ana haki katika nusu ya maneno yake, na amekosea katika nusu ya pili. Ni kweli kwamba pombe humdhuru mtoto. Si kweli kwamba dawa yake ni kumfukuza mama. Tena iko sumu nyingine karibu nasi zaidi, ambayo hakuna aliyeitaja siku ile. Tutayaeleza yote matatu.

JINSI UBONGO UNAVYOJENGWA

Kwanza tuelewe kazi inayofanyika tumboni. Mikono, miguu, moyo na figo za mtoto hupata umbo lake katika miezi mitatu ya kwanza. Lakini ubongo haumaliziki katika miezi mitatu. Ubongo huanza kujengwa katika majuma ya kwanza kabisa, hujengwa miezi yote tisa, na huendelea kukua hata baada ya mtoto kuzaliwa. Chembe za ubongo huzaliwa mahali pamoja, kisha kila moja husafiri mpaka mahali pake pa kazi, na hapo hujiunga na wenzake kwa nyuzi nyembamba sana. Zikifa njiani, au zikisimama mahali pasipo pake, hakuna fundi awezaye kurudi kuzipanga upya.

Mtoto hupata chakula na hewa kutoka kwa mama kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Watu wa zamani walidhani kondo ni kama ukuta, kwamba kitu kibaya hakipiti. Sivyo. Kondo ni kama chujio lenye matundu. Linazuia vitu vingine, na vingine vinapita bila kuulizwa. Pombe hupita. Moshi wa sigara hupitisha sumu zake, na ndiyo sababu watoto wa mama wavutao sigara mara nyingi huzaliwa wakiwa wadogo. Kokeini hupita. Risasi, ile madini iliyo ndani ya betri za magari, hupita. Na dawa nyingi za kuua wadudu nazo hupita.

HABARI ZA POMBE

Mama anywapo, baada ya muda mfupi pombe iliyo katika damu ya mtoto hukaribia kuwa sawa na ile iliyo katika damu ya mama. Lakini mama ana ini la mtu mzima la kuivunja pombe ile. Ini la mtoto bado halijui kazi hiyo. Tena pombe huingia katika maji yanayomzunguka mtoto, na humo hukaa. Kwa hiyo mama akiisha kulala usingizi na kuamka mzima, mtoto bado yumo ndani ya ulevi.

Daktari Paul Lemoine na wenzake wa Nantes, huko Ufaransa, waliandika mwaka 1968 habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Waliona watoto hao wanafanana nyuso ingawa hawakuwa ndugu. Watu wachache walisikia habari hiyo. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza habari za watoto 8 wa namna hiyo, na ugonjwa ukapewa jina. Alama zake ni hizi: macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, kijia kilicho kati ya pua na mdomo kuwa bapa kisionekane, mwili mdogo, na kichwa kidogo kwa kuwa ubongo ulio ndani ni mdogo.

Lakini sikilizeni jambo hili kwa makini. Watoto wengi walioumizwa na pombe tumboni hawana alama zozote usoni. Ukimtazama, ni mtoto kama wengine. Ubaya uko ndani. Wakati mwingine lile daraja la nyuzi linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo huwa jembamba, au halipo kabisa. Mtoto huyo husahau leo alichofundishwa jana. Hesabu humshinda kuliko kusoma. Hatulii. Ukimwagiza mambo matatu, hufanya moja. Akiadhibiwa kwa kosa, kesho hulirudia kosa lile lile, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa ubongo wake hauunganishi jambo la jana na la leo. Ni wangapi kati yetu tuna mtoto wa namna hiyo nyumbani au kwa jirani, naye hupigwa fimbo kila siku na kuitwa mjinga? Hatusemi kwamba kila mtoto mzito wa masomo ameharibiwa na pombe. Twasema tu kwamba fimbo haijawahi kutengeneza ubongo.

Watu huuliza: Je, kidogo si neno? Wako wasemao kwamba chupa moja ya bia nyeusi huongeza damu ya mama mja mzito, au kwamba busaa huleta maziwa. Wauguzi wametujibu wazi. Damu huongezwa na mboga za majani, maharagwe, nyama na vidonge vya kliniki. Na kuhusu kidogo, mpaka leo wataalamu hawajapata kipimo wanachoweza kusema kwamba ni salama. Kwa hiyo shauri lao ni moja: mama asinywe kabisa tangu mimba mpaka kuzaa. Linalojulikana sana ni kwamba kunywa pombe nyingi kwa mara moja, kama watu wanavyofanya siku ya mshahara, ni kubaya zaidi. Na yule aliyekunywa kabla ya kujua kwamba ana mimba asikate tamaa. Siku yo yote atakayoacha, ubongo wa mtoto bado unajengwa, na kuacha kwake kutamfaa.

HABARI ZA MASHAMBA YA ZABIBU

Sasa, ndugu, tuwaeleze habari inayowahusu wafanya kazi hasa.

Katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika ya Kusini, kuna mashamba makubwa ya zabibu. Tangu siku za utumwa, wenye mashamba walikuwa na desturi ya kuwapa wafanya kazi mvinyo kama sehemu ya ujira wao. Desturi hiyo waliiita "dop". Kibarua alipewa kikombe asubuhi kabla ya kazi, akapewa tena mchana, na tena jioni. Mvinyo huo ulikuwa ule wa bei ndogo. Hivyo tajiri alipunguza mshahara, na zaidi ya hayo akapata mtu asiyeweza kuhama shamba, maana mlevi hana akiba na hana nguvu ya kudai. Ujanja huo ulidumu vizazi kwa vizazi. Sheria ziliukataza, lakini hata katika miaka ya 1990 wachunguzi waliukuta bado katika mashamba mengine. Sheria ya Vileo ya nchi ile ya mwaka 2003 imesema tena wazi kwamba mwajiri asimpe mtu pombe badala ya mshahara.

Je, matokeo yake ni nini? Philip May wa Marekani, Denis Viljoen wa Afrika ya Kusini na wenzao waliwapima watoto wanaoanza shule katika wilaya moja ya jimbo hilo. Mwaka 2000 walitangaza kwamba katika kila watoto 1,000, watoto 40 hadi 46 walikuwa na ugonjwa kamili wa pombe ya tumboni. Wakati huo huko Marekani hesabu iliyotumiwa haikufika 3 katika 1,000. Kuzidi kwa namna hii hakukuletwa na damu ya watu wale, wala na kabila lao. Kuliletwa na namna ya ujira.

Wataalamu hao waliwauliza pia akina mama. Waliona kwamba waliozaa watoto wenye ugonjwa walikuwa wembamba kuliko wenzao, walisoma miaka michache zaidi, walikunywa mwisho wa juma kwa wingi, na waume zao pia walikuwa wanywaji. Mama mwembamba mwenye njaa akinywa kikombe kile kile anachokunywa mwenzake aliyeshiba, pombe hupanda zaidi katika damu yake. Basi njaa na pombe zilishikana mikono, na mtoto akawa katikati.

Lakini iko habari njema pia. Katika mji wa De Aar, ambao ni njia panda ya reli, watu wa shirika la utafiti wa pombe waliwafundisha watu wote wa mji, si akina mama peke yao, na wakawasaidia wajawazito bila kuwashitaki. Hapo kwanza watoto waliokuwa na ugonjwa kamili au karibu na kamili walikuwa 8.9 katika kila mia. Baada ya kazi ile wakawa 5.7 katika kila mia. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Yaani jambo hili si laana. Watu wakifundishwa na kushikwa mkono, hupungua.

FUNDISHO LA PHILADELPHIA

Sasa tunafika kwenye nusu ile ambayo ndugu yetu amekosea.

Katika miaka ya 1980 kokeini ya kuvuta ilienea sana katika mitaa ya maskini huko Marekani. Mwaka 1985 daktari mmoja aliandika habari za wanawake 23 waliotumia kokeini na watoto wao. Wanawake 23 ni wachache, na mwenyewe hakusema kwamba ameona yote. Lakini magazeti yalishika habari hiyo yakapiga kelele: kizazi kizima kimeharibika, watoto hawa hawatajua kusoma, watajaa magereza. Katika mji wa Charleston hospitali moja ilianza mwaka 1989 kupima mkojo wa wajawazito kwa siri na kuwaita polisi. Akina mama walifungwa, na karibu wote walikuwa weusi. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba upimaji ule bila ridhaa yao ulivunja katiba. Na vyama vya madaktari vilikuwa vimeonya: mama akiogopa kufungwa hatakuja kliniki, na asipokuja kliniki, yeye na mtoto hukosa msaada wote.

Katika siku hizo hizo, bibi daktari Hallam Hurt wa Philadelphia alianza kazi ya polepole. Tangu mwaka 1989 aliwaandika watoto wachanga 224. Karibu nusu yao mama zao walitumia kokeini, na nusu hawakutumia, lakini wote walitoka katika mitaa ile ile ya maskini. Aliwafuata kwa zaidi ya miaka ishirini. Akiwapima walipofika miaka minne, watoto wa kokeini walipata kwa wastani alama 79 za akili. Wale wasioguswa na kokeini walipata 81.9. Tofauti ni ndogo mno. Lakini tazameni: makundi yote mawili yalikuwa chini ya watoto wa kawaida wa nchi ile, ambao alama zao huwa 90 na zaidi!

Basi bibi huyo akajiuliza: ikiwa si kokeini, ni nini? Akachungulia maisha yao. Walipofika miaka saba, watoto 74 katika kila mia walikuwa wamesikia milio ya bunduki, 35 katika mia walikuwa wamemwona mtu akipigwa risasi, na 19 katika mia walikuwa wameiona maiti. Wale waliopata malezi mema nyumbani walifanya vizuri zaidi. Akamaliza kwa kusema kwamba umaskini una nguvu juu ya mtoto kuliko kokeini ile.

Msituelewe vibaya. Kokeini si dawa ya mtoto. Inaweza kuling'oa kondo kabla ya wakati na kuleta uzazi wa mapema. Na pombe, ambayo huuzwa halali kila mahali, imethibitishwa kuharibu ubongo wa mtoto kwa uwazi zaidi kuliko kokeini. Lakini fundisho ni hili: ni rahisi sana kumnyoshea mama kidole, na kwa kufanya hivyo tukaiacha nyumba mbovu, njaa, na mshahara mdogo vikae bila kuulizwa.

SUMU TUNAYOPULIZA WENYEWE

Sasa tuseme juu ya jambo ambalo hakuna aliyelitaja mkutano uliopita. Ndugu, pombe si kitu peke yake kipitacho kwenye kondo.

Katika bonde la Salinas, California, ambako wafanya kazi wa mashamba huchuma saladi na matunda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Berkeley wakiongozwa na Brenda Eskenazi waliandika wanawake wajawazito wapatao 600 katika miaka ya 1999 na 2000. Wengi wao ni watu wa mashamba au wake za watu wa mashamba. Walipima katika mkojo wao mabaki ya dawa za wadudu za jamii ya fosfati. Dawa hizo huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na mishipa ya binadamu nayo hutumia njia ile ile ya kupelekeana habari. Watoto walipofika miaka saba walipimwa akili. Habari ilitangazwa mwaka 2011: watoto wa akina mama waliokuwa na mabaki mengi zaidi walikuwa chini kwa alama 7 kuliko watoto wa akina mama waliokuwa na machache zaidi. Alama 7 si ugonjwa unaoonekana kwa macho. Lakini ni tofauti kati ya mtoto anayefaulu na anayeshindwa.

Huko New York, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima dawa moja ya jamii hiyo, klorpirifosi, katika damu ya kitovu. Mwaka 2012 walitangaza picha za bongo za watoto 40. Wale waliopata dawa nyingi zaidi tumboni walikuwa na sehemu za ubongo zisizo na umbo la kawaida. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuiruhusu dawa hiyo mwaka 2020, na mwaka 2025 mataifa yaliyokutana chini ya Mkataba wa Stockholm yalikubaliana kuiondoa duniani, ingawa yaliacha nafasi kwa matumizi fulani.

Na hapa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu za watoto wao. Walishitaki. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu hiyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Risasi hujificha ndani ya mifupa ya mama miaka mingi, na wakati wa mimba hutoka mifupani kumwendea mtoto. Kwa hiyo msichana anayefanya kazi ya betri leo anaweza kumpa sumu mtoto atakayemzaa baada ya miaka mitano.

Basi tuulize. Yule ndugu alitaka tuandike majina ya akina mama waendao kilabuni. Je, ni nani ameandika majina ya akina mama wajawazito ambao mpaka juma lililopita walikuwa wakipangwa na nyapara kuingia katika mistari siku ile ile iliyopigwa dawa? Kamati yetu inawajua wanne. Mmoja wao alimwambia nyapara kwamba ana mimba. Akajibiwa kwamba asiyeweza kazi arudi kwao. Akarudi mstarini, maana ana watoto wawili wa kulisha. Akina mama hao hawakwenda kilabuni hata mara moja. Hata hivyo watoto wao wamo hatarini, tena kwa amri ya kazi.

SHERIA INASEMAJE

Ndugu, hatuna mikono mitupu. Mkataba wa Shirika la Kazi la Ulimwengu nambari 95, wa mwaka 1949, unakataza kabisa kumlipa mtu ujira kwa pombe kali au dawa za kulevya. Mkataba nambari 183 wa mwaka 2000 unasema mama mja mzito asilazimishwe kazi inayomdhuru yeye au mtoto wake.

Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mshahara usilipwe mahali pauzwapo pombe, ila kwa wale walioajiriwa kufanya kazi mahali hapo. Inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Na inasema kwamba mimba, au sababu yo yote inayotokana na mimba, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamlazimu mwenye kazi kutoa vifaa vya kujikinga, na inataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria iliyokaa kabatini haimlindi mtu. Inamlinda mtu pale chama kinapoitoa na kuisoma mezani mbele ya tajiri.

MAMBO TUNAYOWAOMBA MYAKUBALI

Kwa sababu hizo, Kamati yenu inawaomba msilikubali shauri la kuandika majina. Tukiwapeleka akina mama wetu ofisini, tutakuwa tumempa tajiri fimbo ya kutupigia. Atawafukuza wajawazito kwa jina la afya, naye atabaki na pampu zake za dawa kama kawaida. Na mama mwenye shida ya pombe atajificha asiende kliniki, na mtoto tunayetaka kumwokoa ndiye atakayepotea. Badala yake tunaleta mambo haya sita:

Kwanza, chama kidai kwa barua kwamba mama akisema ana mimba atolewe mara moja katika kazi ya kupuliza, kuchanganya dawa, kuosha pampu, na kuingia katika mistari iliyopigwa dawa karibuni, apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.

Pili, kamati ya usalama ipewe majina ya dawa zote zinazotumika, yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa penye kila mtu kuona, pamoja na siku ambazo mtu haruhusiwi kuingia mstarini.

Tatu, yawekwe maji, sabuni na mahali pa kubadilishia nguo kabla ya kwenda nyumbani. Mume anayepuliza dawa huibeba katika nguo zake mpaka kitandani na mpaka beseni la mkewe. Nguo za dawa zifuliwe mbali na za watoto, wala mama mja mzito asizifue yeye.

Nne, akina baba, hili ni letu. Mama hanywi peke yake. Mara nyingi aliyemnunulia ni mumewe. Tunaomba kila mwanachama ambaye mkewe ana mimba aache pombe pamoja naye miezi hiyo tisa, na fedha ya kilabu inunue maharagwe, mayai na mboga. Mwanamume asiyeweza kuacha miezi tisa ana haki gani ya kumhukumu mkewe?

Tano, akina mama watatu wachaguliwe leo, wenye kuaminiwa na wasio na domo, wawe wa kumwendea mama mwenye shida ya pombe, kumsindikiza kliniki mapema, na kurudi naye tena. Hawataandika jina la mtu. Hawatapeleka habari ofisini.

Sita, mtoto wa mwanachama anayeshindwa shuleni apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekewa fimbo. Ubongo ulioumizwa tumboni haurudishwi ukawa mpya. Lakini mtoto akijulikana mapema, akafundishwa kwa kurudiwa rudiwa, akapewa utaratibu ule ule kila siku na nyumba yenye upendo, hufika mbali kuliko mwenzake aliyefichwa.

Ndugu wanachama, chama chetu kilianza kwa kudai shilingi, na bado tunazidai. Lakini mtoto akizaliwa na ubongo uliodhuriwa kwa kazi tuliyopewa sisi, hakuna nyongeza ya mshahara itakayolipa hasara hiyo. Tumekuwa tukihesabu saa za ziada, posho na likizo. Tangu leo tuhesabu na hili.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Yule mama aliyejibiwa na nyapara yuko hapa pamoja nasi, ameketi nyuma. Mimba yake ni ya miezi mitano, maana yake ubongo wa mtoto wake una miezi minne zaidi ya kujengwa tumboni. Tunaomba kura ipigwe leo, isingoje mkutano mwingine.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu na Afya

(Taarifa ya Katibu: Shauri la kuandika majina lilikataliwa. Mambo sita ya Kamati yalikubaliwa yote, la nne baada ya mabishano marefu. Barua ya chama ilipelekwa ofisini Jumatatu asubuhi, na siku ile ile wale akina mama wanne walihamishiwa kazi ya kupanga mazao kwa mshahara ule ule. Mambo mengine bado tunangoja majibu, nayo yatachapwa hapa.)